Mwaka Wetu wa Khartoum

Zuhura alisaliwa Machakos bila maiti. Imamu wa msikiti ulio karibu na soko alieleza kwa upole, kwa kuwa tulikuwepo watu tusiojua mambo hayo, kwamba mtu akifa mbali na pasiwe na njia ya kumfikia, waumini humsalia hapo walipo. Naima, bintiye, ambaye ndiye aliyetuletea habari ya kifo, alisimama na wanawake. Mimi, Mkatoliki tangu kubatizwa, nilikaa kwenye mkeka nyuma yao, leso kichwani, nikiwatazama visigino. Sala ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia. Walisimama tu, hawakuinama, na kabla sijajikusanya nikasikia salamu ya mwisho na watu wakaanza kutafuta viatu. Baadaye, katika chumba cha pembeni, tulipewa chai ya maziwa na mahamri, na wanawake waliomjua Zuhura akiwa msichana wa mtaa ule wakaanza kuulizana habari za watoto na wajukuu. Mmoja wao, mama mnene mwenye duka la vitambaa, akaniuliza amezikwa wapi. Nikamwambia amezikwa uani kwake, Khartoum. Akadhani nimekosea neno. Nikamweleza kwamba vita vilipofika mtaani kwao makaburini hapakuendeka, na mumewe akachimba uani pamoja na majirani, wakamlaza hapo. Yule mama akaweka kikombe chini. Akaniuliza kwa sauti ndogo ua huo ukoje, kana kwamba kujua ukoje kungepunguza kitu. Nikamjazia kikombe chake. Ua huo naujua. Nimekula humo, nimelala mchana humo kwenye kitanda cha kamba, nimeosha nywele humo kwa maji ya mtungi. Mwaka mmoja wa ujana wangu ulipita humo karibu wote, na tangu siku ile ya msikitini siwezi kuukumbuka bila kujiuliza walichimba upande gani.

Tulikuwa wahudumu wa ndege, Zuhura na mimi, wasichana wawili wa Machakos katika kampuni ambayo wengi wa wenzetu walikuwa wa Nairobi na walijua kushika uma tangu utotoni. Siku hizo rosta ya zamu ilibandikwa ukutani, na Khartoum ikiandikwa mbele ya jina lako watu walikupa pole. London ilikuwa na maduka, Bombay ilikuwa na dhahabu na vitambaa. Khartoum ilikuwa na joto, vumbi, na sheria iliyokataza bia. Ndege ilitua asubuhi, na kru, yaani marubani na wahudumu, walikaa hotelini mpaka ndege nyingine ije kesho yake au kesho kutwa, wakicheza karata chumbani kwa rubani na kulalamikia kiyoyozi. Wenye miaka mingi kazini walibadilishana zamu ili kuikwepa. Sisi tulikuwa wapya, hatukuwa na wa kubadilishana naye, kwa hiyo mwaka ule Khartoum tuliachiwa sisi. Hatukuwa tukijuana. Mimi nilikuwa mtu wa Ekalakala, kule Masinga, mji wa Machakos niliuona siku za shughuli tu. Yeye alizaliwa nyuma ya maduka ya mjini, kwa Waislamu waliokuja zamani kutoka pwani wakaoa huku. Nilimtambua tukiwa hewani, kwenye jiko letu dogo la nyuma ya ndege, alipomwagikiwa na kahawa mkononi akatamka kwa Kikamba neno ambalo mama yangu angenichapa kwalo. Nilicheka mpaka nikalazimika kujificha nyuma ya pazia, abiria wasinione. Tangu siku hiyo tulipangana tuketi kiti kimoja cha wahudumu kila ndege ikishuka, magoti yakigusana, tukitazama kupitia kadirisha ka mlangoni jangwa likigeuka paa za nyumba.

Kilichotutoa hotelini ni tumbo langu. Sijui nilikula nini. Najua kwamba safari yetu ya tatu au ya nne nilijikunja kitandani, na Zuhura akasema hataki kurudi Nairobi na maiti ya mtu wa Masinga, twende tutafute dawa. Akanifunga mtandio wake wa pili kichwani, akanishika kiuno, tukatoka kwenye jua ambalo lilinipiga usoni kama mlango wa oveni. Duka la dawa lilikuwa barabara ya pili nyuma ya hoteli. Ndani alikuwamo kijana mrefu, koti jeupe, mfuko umechafuka kwa wino. Huyo ndiye Idris. Zuhura alikuwa na Kiarabu cha madrasa, cha kusoma na si cha kuongea, na alijaribu kila alichokijua, lakini hakuna aya aliyohifadhi iliyotaja kuhara. Mwishowe alikata tamaa, akanigeukia akasema kwa Kiswahili, "Basi, dawa hatupati." Yule kijana akainua kichwa. "Dawa," akasema. Akanyoosha mkono kuonyesha rafu zote. "Dawa!" Kisha akaniuliza, "Homa?" Nikatikisa kichwa, homa sina. Akachukua pakiti ya unga, akaeleza kwa vidole niukoroge kwenye maji, na hakuna kuweka sukari, na neno sukari nalo likawa letu sote. Mimi nilikuwa naumwa, sikuona maajabu. Lakini Zuhura aliniambia baadaye kwamba alisikia nywele zikimsimama. Alikuwa amesema maneno hayo maisha yake yote Machakos, mahali ambapo alichekwa kwa kuyasema vizuri mno, na sasa mtu asiyemjua alikuwa akimrudishia moja moja juu ya kaunta.

Nikaketi sakafuni. Idris akaita kwa nyuma, na mama yake akatokea mlango wa uani, mwanamke mfupi aliyejifunga kitambaa chepesi cha rangi ya machungwa mwili mzima. Tulikuja kumwita Hajja Amna. Hakuuliza chochote. Alinishika kwapa kwa nguvu ambayo sikuitegemea, akanipitisha mlangoni, akanilaza kwenye kitanda cha kamba chini ya kivuli cha mikeka, akaninywesha maji ya ubuyu, machachu kidogo, mazito, baridi ya mtungi. Nikalala. Nilipoamka nilisikia vijiko. Zuhura alikuwa ameketi chini na yule mama, mbele yao sinia, na mama akiponda maharagwe mapana kwa kitako cha chupa ya soda, akiyamwagia mafuta ya simsim, akikatia vitunguu na jibini. Akaona nimefumbua macho. Akanena neno na Zuhura akatafsiri, nusu kwa kukisia, kwamba mgonjwa asile leo lakini kesho atakula, na kesho kutwa atakula zaidi. Nimetumikia watu chakula maisha yangu yote ya kazi, maelfu ya sinia zenye vifuniko, na sijawahi kuona mtu akiandaa mlo kwa uhakika namna ile kwamba mgeni atarudi.

Tukarudi. Kila rosta ilipotupeleka tulibadilisha sare, tukavaa magauni marefu, tukapita mlango wa duka la dawa bila kununua kitu. Hajja Amna alishindwa kabisa na jina langu la Mutheu. Aliniita Matiu, na Naima hunitania kwalo hadi leo, kwa kuwa nyanya yake aliendelea kuniita hivyo mpaka alipokufa, miaka kabla ya vita. Mlo ulikuwa mmoja, maharagwe yale au mchuzi wa bamia zilizokaushwa, tukila na kisra, mkate mwembamba kama karatasi ambao aliutandaza kwenye bamba la moto kwa kipande cha jani la mtende. Nilimweleza habari za muthokoi, jinsi tunavyotwanga mahindi kuondoa ngozi, na alisikiliza kwa huruma, kama mtu anayeelezwa shida. Baada ya kula ilikuwa kahawa yenye tangawizi, kwenye birika la udongo lenye shingo nyembamba, na hapo ndipo wanawake wa jirani waliingia bila kubisha, wakavua viatu, wakaanza kuongea. Mimi sikuelewa. Nilikaa nikichagua maneno yetu katikati ya yao kama mtu anayeokota maharagwe kwenye mchanga: sahani, sabuni, bei, shetani, hesabu, samaki. Zuhura alielewa zaidi kila mwezi. Nikawa naona usoni mwake, wakati mwingine, kwamba alikuwa anacheka pamoja nao, na si baada yao.

Mji wenyewe tuliujua kwa miguu ya Hajja Amna. Haikufaa tutembee na Idris peke yetu, kwa hiyo mama alikuja, mwavuli mweusi mkononi, Idris hatua kadhaa nyuma kama mlinzi asiyelipwa. Alitupeleka Omdurman, ng'ambo ya mto, kwenye soko ambalo njia zake zilikuwa na mapaa ya magunia, upande mmoja manukato yanayouzwa kwa matone, upande mwingine matandiko ya ngamia na redio za mtumba. Alitupeleka kisiwa cha Tuti kwa pantoni, na katikati ya mto akatuonyesha mahali Naili mbili zinapokutana. Tulitarajia buluu na nyeupe. Ile ya Samawati ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, ile Nyeupe ilikuwa ya kijivu, na zilikwenda bega kwa bega muda mrefu kabla hazijakubali kuchanganyika. Tuti ilikuwa mashamba ya ndimu na mboga, wakulima wakiwa wameinama, na nilinusa udongo uliomwagiliwa nikamlilia mama yangu kimyakimya, kwani mwaka ule kwetu mvua haikunyesha. Jioni tuliketi kwenye vigoda vya wanawake wauza chai kando ya maji, tukiangalia vijana wakijirusha mtoni. Polisi walikuwa wakiwafukuza wale wanawake mara kwa mara. Walikusanya vikombe, wakapotea, wakarudi. Sisemi kwamba ulikuwa mji wa raha. Kulikuwa na njaa nyuma ya kuta zile, kulikuwa na watu wa kusini waliokuwa wakikimbia vita vingine, wamejenga vibanda vya maboksi pembezoni, na tulipita karibu nao tukielekea kula. Lakini nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na hapakuwa na mji mwingine duniani ambamo mtu alinisubiri.

Siku hizi nikitaka kuwaambia watu jambo hili huona macho yao yakienda kwingine. Jirani yangu hapa Lukenya, Mama Kioko, mtu mwema anayenichotea maji mgongo ukiniuma, aliniambia waziwazi kwamba haelewi mtu anawezaje kulilia mji wa Waarabu. Nilijaribu kumweleza. Nilitaja mwavuli, nikataja chupa ya soda, nikaona ninataja vyombo tu. Zamani nilipokosea, nikasema duka la manukato lilikuwa kushoto, Zuhura alinisahihisha kwenye simu kutoka mbali, akasema we Mutheu umezeeka, lilikuwa kulia, baada ya msikiti. Sasa naweza kuliweka popote. Hakuna atakayebisha. Na nikifungua simu kutafuta picha za kunisaidia, naona jengo la hoteli yetu likiwa jeusi, madirisha yametobolewa, naona uwanja wa ndege na ndege zilizoungua zimelala kwa matumbo, naona soko ambalo sijui kama ni lile. Nimeacha kuangalia. Kila picha hufuta moja niliyokuwa nayo.

Uamuzi wa Zuhura ulifanyika mwaka ule ule, siku ya dhoruba ya vumbi. Tulikuwa uani, asubuhi bado, na Hajja Amna akasimama ghafla akinusa. Akatuamuru tuingize vitanda na nguo. Nilipoangalia juu ya ukuta niliona ukuta mwingine, wa kahawia, mrefu kuliko minara, ukija bila sauti. Tukajifungia katika chumba kimoja, vitambaa vibichi vimesukumwa chini ya mlango, taa ya chemli imewashwa, na nje mchana ukageuka rangi ya damu kisha ukazimika. Wanawake wawili wa jirani waliokuwa wamekuja kahawa walijikuta wamefungiwa nasi. Waliongea na Hajja Amna kwa sauti ya chini, vichwa vimekaribiana. Mimi nilikuwa nimejifunika mtandio mdomoni, nasikia changarawe kwenye meno. Nikaona Zuhura ameacha kupumua. Nikamuuliza kwa Kikamba kuna nini. Akanijibu kwa Kikamba, bila kugeuza uso, kwamba wanamwongelea yeye. Wanasema Idris hana haja ya kutafutiwa mke mbali wakati mke anakuja mwenyewe kwa ndege kila wiki. Mmoja amepinga, amesema rangi, amesema kabila, nani anajua ukoo wake. Nikamuuliza na mama amesema nini. Zuhura akaukaza mtandio, upepo ukisukuma mlango. "Amesema ukoo wangu ni huu hapa chumbani," akaniambia.

Ndege yetu ilichelewa kwa sababu ya vumbi lile, na tulirudi hotelini tukiwa na mchanga masikioni. Zuhura alikaa ukingoni mwa bafu akiosha miguu, nami nikaketi sakafuni mlangoni, na hapo akaniambia Idris alikuwa ameshamwuliza, kabla, na kwamba atakubali. Nilimwuliza maswali yote ambayo mama yeyote wa Machakos angeuliza. Kazi je. Kiarabu je. Sheria zao je, na wale polisi tuliowaona wakipindua meza za chai. Alijibu kila moja bila kukasirika; alikuwa ameshajiuliza. Kisha nikamwambia kwamba ananiacha, na hilo ndilo lililokuwa swali langu pekee.

"Mutheu," akasema, "nikiwa Machakos naitwa Mswahili. Nikienda Mombasa kwa ndugu za baba naitwa Mkamba. Nimeulizwa mimi ni mtu wa wapi tangu nijue kuongea. Yule mama siku ya kwanza aliniuliza kama nimekula."

Nikamwambia, "Ngoja ukae. Na huko watakuuliza."

"Najua wataniuliza. Umewasikia leo. Lakini walianza na kama nimekula."

Harusi ilikuwa kabla ya mwaka kwisha. Shangazi yake mmoja tu ndiye aliyekuja kutoka Machakos, akiwa na kiondo cha zawadi na hofu ya maji ya kunywa. Mimi nilibembeleza ofisi ya rosta mpaka wakanipa zamu iliyoangukia siku zile. Wanawake walimweka Zuhura juu ya shimo la moshi wa mti wa mgunga, amefunikwa blanketi, mpaka ngozi yake ikawa na rangi ya asali na harufu ambayo hata sabuni ya hoteli haikuitoa. Walimchora hina hadi magotini. Aliletwa uani akiwa amefunikwa kitambaa chekundu, na alipofunuliwa hakunitafuta kwa macho, na nilielewa kwamba hilo ndilo lililotakiwa, bibi harusi hatafuti mtu. Walinipa kazi ya kushika chetezo. Nilikishika mpaka mkono ukafa ganzi, moshi wa udi ukiniingia machoni, na watu walioniona wakidhani ni moshi.

Muda mfupi baadaye kampuni ikabadilisha ratiba. Hapakuwa tena na kulala Khartoum. Ndege inatua, inashusha, inapakia, inarudi. Wenzangu walishangilia. Mimi niliendelea kufika mjini mwangu na kutoruhusiwa kuingia. Uwanja ule ulikuwa katikati ya mji kabisa, nyumba zimeuzunguka pande zote, kiasi kwamba ukisimama juu ya ngazi ya ndege unasikia adhana na honi. Tulipatana na Zuhura kwa simu kwamba atapanda juu ya paa saa tunapotua, avae kitu chekundu. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni, joto likipanda kutoka kwenye lami, abiria wakishuka, nami nikisema kwaheri, asante, kwaheri, nikiangalia juu ya vichwa vyao. Paa zilikuwa zote za rangi moja. Juu yake kulikuwa na wanawake, wengine wakianika nguo, wengine wamesimama tu, na wekundu ulikuwa mwingi. Sikujua yupi ni yeye. Nikawapungia wote. Msimamizi wangu akaniuliza nimeona nani, nikamwambia rafiki yangu anaishi pale, na akaangalia ulikoelekea mkono wangu akasema pale wapi.

Aliishi pale miaka karibu thelathini. Alikuja Machakos mara chache, akiwa na Naima mgongoni, kisha akiwa na Naima mkononi, kisha Naima akiwa mrefu kumliko. Nami nilistaafu, nikajenga hapa Lukenya, ambako ndege zinazoshuka Nairobi hupita chini juu ya vilima, na kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa faraja yangu. Nilijua aina kwa kusikia, nilijua kru iko wapi, nani anafunga mikokoteni, nani anaketi. Vita vilipoanza, Zuhura alinipigia akiwa bafuni, mahali pekee pasipo na dirisha. Nikamwambia atoke. Idris alitaka watoke. Lakini Zuhura alikuwa na kisukari kwa muda mrefu, mguu mmoja umekufa nusu, na njia zilikuwa na vizuizi ambako watu walishushwa kwenye magari. Wakasubiri vita vipungue. Duka la dawa likavunjwa, likachukuliwa kila kitu, hata rafu. Sindano zake zilizobaki walizizika kwenye mchanga mbichi kando ya mtungi ili zisiharibike, maana umeme haukuwapo. Idris, mfamasia wa miaka yote hiyo, alitembea mtaa hadi mtaa akitafuta chupa moja ya insulini. Simu ya mwisho ya Zuhura kwangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Aliniuliza bei ya maharagwe Machakos. Nikamwambia. Akasema mmekuwa matajiri. Kisha mtandao ukakatika, na miezi ikapita, na nikawa kila siku naandika ujumbe ambao ulibaki na alama moja tu ya kuonyesha haujafika.

Naima alifika akiwa na mkoba wa bega na kitambulisho. Alikuwa amepita kusini kwa malori na mabasi, hadi Juba, na kutoka Juba akafika Nairobi, na kutoka Nairobi kwangu, kwa sababu mama yake alikuwa amemfundisha namba yangu kwa moyo tangu akiwa mtoto. Aliniita khalto, kama wanavyoita mama wadogo kwao, na Kiswahili chake ni cha Zuhura, chenye maneno ya Machakos ya miaka tuliyokuwa wasichana. Alinieleza ameketi wima, mikono mapajani. Baba yake alikataa kuondoka. Alisema hawezi kumwacha Zuhura uani peke yake, na mji umejaa watu wanaofungua nyumba za wengine. Alimsindikiza Naima mpaka kwenye lori, akarudi. Tangu hapo hakuna habari. Nilimwuliza kama amejaribu majirani, akanitazama kwa namna ya mtu anayetaka kukusaidia uelewe. "Majirani ni nani, khalto?" akasema. Nikatoka nje nikasimama kwenye banda la kuku mpaka nikaweza kurudi.

Ndege ya kwanza iliyopita akiwa kwangu ilimkuta anamenya viazi. Alikuwa chini ya meza kabla sijaelewa. Nilimwambia ni ya abiria, inatoka Kisumu pengine, nikamwambia hata aina. Akatoka, akaomba radhi, akaendelea kumenya. Ya pili ikapita. Kwa wiki kadhaa nilimwona akikonda, akila akiwa karibu na ukuta, na sauti ambayo nilikuwa nimeipenda maisha yangu yote nikaanza kuichukia, nikaanza kuisikia kama anavyoisikia yeye, mbali bado, ikija. Baada ya ile sala ya msikitini nikakata shauri. Nilimwachia Mama Kioko kuku na funguo, nikamchukua Naima mpaka Ekalakala, kwenye nyumba ya wazazi wangu iliyokuwa imefungwa muda mrefu. Huko hakupiti ndege za kushuka. Ni mashamba makavu, mbuzi, njia ya vumbi, na watu wanaolala mapema. Nilifagia, nikatoa vitanda nje vipigwe na jua, nikapika maharagwe, nikayaponda kwa kitako cha chupa. Hatukuwa na simsim. Alikula kidogo akasema ni mazuri.

Siku ya pili, alasiri, nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, mikono ameifumbata, akitazama kibarazani ambako hapakuwa na kitu. Nikamuuliza kama amepumzika. Nikamwambia kwa furaha kidogo, furaha ya mjinga, kwamba anaona palivyotulia, hakuna sauti yoyote.

"Siku Mama alipokufa palikuwa hivi, khalto," akasema. "Walikuwa wanapiga wiki nzima, halafu asubuhi hiyo wakanyamaza. Tukafikiri vimekwisha. Mama akasema tumtoe uani apate hewa. Alikuwa anacheka. Baba akaenda kutafuta mkate, mimi nikamchana nywele, na palikuwa kimya kabisa, nikasikia pumzi yake ikikatika."

Niliingia ndani, nikatafuta redio ya marehemu baba, nikaweka betri, nikaifungua sauti mpaka mwisho. Ilikuwa stesheni ya Kikamba, saa ya matangazo ya vifo. Nikaiweka dirishani, nikaja nikaketi kando yake kwenye kizingiti. Mtangazaji alisoma taratibu, jina la marehemu, majina ya waliofiwa, siku ya mazishi, na shamba ambamo kila mmoja atalazwa, na soko la karibu la kushukia wanaotoka mbali. Naima hakuelewa neno hata moja. Aliegemeza kichwa begani kwangu, na tukasikiliza majina yote.